Majina Yanayofika Mwamahona

Alhamisi, siku ya kliniki ya wajawazito, Valeria wa mapokezi alifungua kompyuta, akafuta vumbi la kioo kwa pindo la khanga yake, akamwita mama wa kwanza. Mama alitaja jina. Valeria akaandika. Akauliza umri, kijiji, kitongoji na mimba ya ngapi, kisha akabonyeza. Kioo kikafikiri kidogo, halafu kikaandika kwa rangi nyekundu: Muunganisho umekatishwa na upande wa pili.

"Mkubwa amekata," Valeria alitangaza, na akina mama waliokuwa kwenye benchi wakavua viatu, maana walijua watakaa.

Katika Hospitali ya Mtakatifu Kassiani, pembeni mwa mji wa Nachingwea, kulikuwa na programu mbili zilizotakiwa kuzungumza. Ya kwanza ilikuwa ya hapo hapo hospitalini, inafunguka kwenye intaneti, na wafanyakazi waliiita Dirisha. Ya pili ilikuwa mfumo wa makao makuu, mji wa mbali, ulioshika dawa, damu, mishahara na taarifa za hospitali zote za shirika. Huo waliuita Mkubwa. Dirisha lilituma, Mkubwa alipokea na kujibu. Siku nyingi walielewana vizuri tu. Siku nyingine Mkubwa alikata katikati ya maneno bila kuaga, kama ilivyo desturi ya wakubwa, na baada ya saa moja au mbili akarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Dawa ikichelewa mtu anaweza kununua dukani. Kilichowatisha watu ni damu. Hospitali haikuwa na akiba ya kutosha, kwa hiyo kila chupa iliombwa kupitia Dirisha, Mkubwa akaidhinisha, gari likaileta. Ombi likipotea njiani gari haliji, na hakuna anayejua kwamba lilipaswa kuja mpaka mgonjwa aanze kupauka midomo.

Kazi ya kutafuta ubovu ilikuwa ya Doreen, afisa TEHAMA, binti wa wakulima wa korosho wa Ruponda, mwanamke mwenye hasira za karibu kwa watu na subira ndefu kwa mashine. Alibadilisha kebo. Alibadilisha ruta. Alipanda juu ya paa akamfukuza bundi aliyelala kwenye antena, ingawa bundi hakuwa na kosa. Kila mara alimpigia Salimu, fundi wa makao makuu, na kila mara Salimu alijibu, "Huku kwetu kila kitu kipo sawa, Doreen. Angalieni huko kwenu." Wimbo huo Doreen aliujua beti zote.

Masika yalipokwisha akaja mzee mmoja mrefu, kofia pana kichwani, fimbo mkononi na makatambuga miguuni. Hakukaa kwenye foleni. Aliuliza yuko wapi mtu anayetuma majina, akaelekezwa kwa Doreen.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Hivyo ndivyo wafugaji waliotoka kanda ya Ziwa wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu. "Mimi naitwa Mahona. Nakaa Narung'ombe, kule Ruangwa. Majina yenu yanaangukia kwangu."

"Yanaangukia wapi?"

"Kwenye ng'ombe. Jioni wakirudi malishoni, wakilala kucheua, mmoja anasema. Alhamisi iliyopita alisema Agatha Fransisko, mwanamke, miaka sitini na moja, presha, dawa zimekwisha. Akasema na wengine wengi. Mimi sikatai majina. Lakini ng'ombe akisema sana, maziwa yanakata."

Doreen alifungua kompyuta yake. Agatha Fransisko alikuwa mgonjwa wa presha, na ombi la dawa zake lilikuwa limepotea Alhamisi iliyopita.

"Wanasema kwa sauti gani, baba?"

"Ya ofisi," alisema Mahona. "Kiswahili kizuri kuliko changu."

Ilikuwa fununu ya kwanza ya maana tangu tatizo lianze, na fundi hachagui fununu. Doreen alimwambia Valeria akae kwenye kompyuta na asubiri simu, akachukua pikipiki ya hospitali, akampakia mzee nyuma. Mahona alishika fimbo yake kwa upande njia nzima, na bodaboda waliokutana nao wakawa wanashuka barabarani huku wakitukana. Walipita Ruponda, wakapita Ruangwa mjini, wakaingia njia ya vumbi katikati ya mikorosho. Baada ya Narung'ombe waliendelea tena, mpaka nyumba za wenyeji zikaisha na mazizi ya miiba yakaanza.

Mahali hapo paliitwa Mwamahona, maana yake kwa Mahona, kwa sababu yeye ndiye aliyefika kwanza. Kulikuwa na nyumba za tope zenye mabati, plau mbili, shamba la mahindi lililopandwa kwa mistari, na watoto waliovaa sare za shule. Mkwewe, Minza, mke wa mwanawe Luka, alitoka jikoni akapiga goti kumsalimia mgeni. Alipiga goti kwa shida kwa sababu mimba yake ilikuwa kubwa. Akamletea Doreen maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akakaa kando yake.

"Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kisu hapo kwenu," Minza alisema. "Damu ilitoka, ikabaki kidogo tu nife. Daktari akasema damu yangu ni ya nadra. Akasema safari hii wasinipasue mpaka damu iwe imefika. Sasa dada, na jina langu litapita kwa ng'ombe?"

"Nimekuja kulizuia hilo," alisema Doreen, na alimaanisha.

Ng'ombe walirudi jua likiwa limelegea. Walipolala, Doreen alisimama karibu na zizi, mahali ambapo simu ilishika, akampigia Valeria. Alimwambia atume mgonjwa wa uongo, kitongoji aandike kimoja cha Ruponda. Valeria akatuma. Ng'ombe wakaendelea kucheua. Mkubwa alikuwa amepokea.

"Sasa tuma huyo huyo, lakini kitongoji andika Mwamahona."

Ng'ombe wa kijivu mwenye pembe moja iliyopinda aliinua kichwa. "Jaribio Jaribio," alisema. "Jinsia, ke. Umri, mwaka mmoja. Tatizo, hakuna." Kisha akarudi kwenye kazi yake.

Mahona alivua kofia. "Karibu," alimwambia ng'ombe. Kutoka jikoni Minza naye akasema, "Karibu," na mtoto aliyekuwa anafukuza kuku akasema vilevile bila kusimama. Mahona alimweleza mgeni kwamba hapo ni lazima. Jina likifika uani kwako ni mgeni, na mgeni haachwi mlangoni bila kujibiwa, hujui limetembea kutoka wapi.

Doreen aliomba jaribio la tatu. Valeria alituma wagonjwa wawili kwa mfululizo, wa kwanza wa Mwamahona, wa pili wa Ruponda. Wote wawili walisemwa na ng'ombe, wakakaribishwa. Hapo Doreen akaelewa kwa nini siku nyingine mambo yalikwenda na siku nyingine hayaendi, na kwa nini Alhamisi palikuwa na balaa: ndiyo siku wanawake wa wafugaji walipokuja kliniki. Alimpigia Salimu.

"Mkubwa akipokea kitongoji ambacho hana kwenye orodha yake, anafanyaje?"

"Anakitupa," alisema Salimu. "Halafu anakata laini kujilinda. Vilivyokuwa nyuma yake kwenye foleni vinaanguka pamoja nacho."

"Anavitupa wapi?"

"Doreen bwana, kutupa ni kutupa. Mahali pasipokuwepo."

"Niangalizie Mwamahona, Narung'ombe."

Salimu akabonyeza bonyeza. "Haipo."

Doreen aliangalia mahali pasipokuwepo. Kuku wawili walikuwa wanagombania ganda la mhogo, na Minza alikuwa anawaamua kwa mwiko. "Basi ndiko vinakoangukia," alisema. "Nimesimama hapa."

"Ahaa. Ndiyo maana," alisema Salimu, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba fyuzi imeungua.

Dawa yake ilikuwa nyepesi. Mwamahona iandikwe kwenye orodha. Lakini Salimu alisema yeye haandiki kitongoji mpaka apate barua kutoka kwa wenye mamlaka ya eneo, na Mahona, aliyekuwa anasikiliza, alicheka kidogo bila furaha.

"Barua hiyo tumeiomba mpaka tumechoka. Wanasema sisi wageni, jambo letu bado linajadiliwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuja na majembe yetu." Alirudisha kofia kichwani. "Mayu, ukituandika, tupo. Tukiwepo, tuna ardhi. Ndiyo hawataki."

Doreen alirudi Nachingwea na ukweli mzima, na ukweli huo ukawekwa mezani mbele ya Daktari Agapiti, mganga mfawidhi. Alikuwa mtu mwema. Alisikitika kwa moyo kabisa. Doreen alishauri kwamba watu wa Mwamahona waandikwe kama wakazi wa kitongoji kingine, hata cha kwao Ruponda. Daktari alikataa: taarifa ya uongo inamfukuzisha mtu kazi, na Valeria ana watoto. Ndipo Salimu, kwa simu, akatoa njia yake. Dirisha lipewe laini mbili. Wenye vitongoji vinavyojulikana wapite laini yao. Wasiojulikana wapite ya pili, peke yao, na Mkubwa akikata, akate huko, bila kuwaangusha wengine. Tena yale maandishi mekundu yanawatia watu hofu bure. Dirisha likishatuma tu, liandike kwa kijani: Imetumwa.

"Hata kama haikupokelewa?" Doreen aliuliza.

"Si imetumwa?"

Daktari alipangusa miwani. "Kwa sasa tuwaokoe walio wengi. Hao wengine nitawaandikia barua kwa wenye mamlaka."

Barua aliiandika kweli, siku hiyo hiyo, na ilikuwa barua nzuri. Lakini hilo "kwa sasa" la maofisini lina umri mrefu kuliko kobe.

Doreen aliweka laini mbili. Alijua anachokifanya, na aliona aibu. Aibu hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya asimweleze Valeria maana ya ile kijani. Alimwambia tu kwamba tatizo limekwisha, na Valeria, aliyekuwa amesumbuka sana, alimkumbatia. Mahona alipigiwa simu akaambiwa barua imeandikwa.

"Sawa," alisema mzee. "Na Minza?"

"Muda bado upo, baba. Siku zake zikikaribia nitaliangalia ombi lake mwenyewe."

Alhamisi iliyofuata akina mama hawakuvua viatu. Kioo kilikuwa kijani asubuhi hadi jioni. Agatha Fransisko alipata dawa zake za presha, akamletea Doreen kikapu cha mbaazi. Makao makuu yalituma ujumbe wa pongezi, ukasomwa kwenye kikao cha asubuhi baada ya sala. Kule Mwamahona ng'ombe walisema majina ya wanawake wao wenyewe tu, jirani baada ya jirani, na jirani hao wakawa wanapita jioni kusikiliza kama wamefika. Mahona aliwakaribisha wote. Maziwa yalikata kabisa.

Uchungu wa Minza haukusubiri siku zake. Luka alimleta asubuhi na mapema kwa pikipiki, amemfunga kwa khanga mgongoni kwake asianguke. Siku hiyo Doreen alikuwa ametumwa kwenye zahanati ya parokia kutengeneza printa. Valeria aliandika: Minza Luka, ke, kundi O hasi, chupa mbili, haraka. Kitongoji, Mwamahona. Akabonyeza. Imetumwa, kwa kijani. "Usiwe na wasiwasi, kaka," alimwambia Luka. "Siku hizi mtandao umetulia."

Gari la damu lilifika mchana. Lilileta chupa za wengine. Dereva alipekua boksi lake la barafu mara mbili, akasema jina hilo hakupewa. Daktari Agapiti aliwapigia makao makuu. Wakamwambia hawaoni ombi lolote, atume. Akawaambia ametuma, kioo kinasema. Wakamwambia damu haitolewi kwa simu, hata akiwa daktari, maana simu hata mwizi anayo.

Doreen aliitwa, akaja mbio, kofia ya pikipiki bado kichwani. Alijaribu kulituma upya. Dirisha likamjibu kwa adabu kwamba ombi la mgonjwa huyu limeshatumwa na haliwezi kurudiwa. Luka alipimwa damu, haikulingana. Valeria akapimwa, Doreen akapimwa, hata dereva, na hakuna aliyelingana. Chupa pekee ya O hasi iliyokuwa kwenye jokofu ilitundikwa, wakampasua, na mtoto akatoka analia. Ile chupa ikaisha.

Jioni simu ya Doreen ikaita.

"Mayu," alisema Mahona, "jina limefika."

"Limefika wapi, baba?" aliuliza Doreen, ingawa alijua.

"Huku. Wa kijivu amelisema mara tatu. Minza Luka, chupa mbili, haraka. Mimi nimesema karibu. Lakini damu iliyopo huku ni ya ng'ombe."

Doreen alikaa kwenye kiti cha Valeria, akamtunga mtu. Alimwita Eva Kassian, akampa kundi O hasi, akampa kitongoji cha mama yake huko Ruponda. Mkubwa alimpokea Eva papo hapo, akaidhinisha chupa mbili, akatoa gari. Mwanamke asiyekuwepo, wa kitongoji kilichopo, alipelekewa damu bila swali. Mwanamke aliyekuwepo, wa kitongoji kisichokuwepo, alikuwa amelala wodini anamwuliza muuguzi kama jina lake limepita. Muuguzi akasema limepita.

Lakini makao makuu ni mbali, na barabara ina mashimo. Gari lilifika kesho yake. Minza alikuwa amefariki alfajiri.

Valeria aliandika kifo, kwa sababu kifo nacho huandikwa. Alilia huku anaandika, maana sasa Doreen alikuwa amemweleza maana ya ile kijani. Alipofika kwenye kitongoji aliangalia kioo muda mrefu. Baba wa mtoto alikuwa amesimama pale dirishani, na kumwandikia marehemu kwao kwingine aliona ni kumtupa mara ya pili. Akaandika Mwamahona. Imetumwa. Akaandika na mtoto. Imetumwa.

Luka alikuwa hajapata nguvu ya kupiga simu nyumbani. Kule Mwamahona ng'ombe walikuwa bado zizini, umande haujakauka, na ng'ombe wa kijivu akainua kichwa. "Minza Luka," alisema. "Ke. Amefariki." Mahona alivua kofia. "Karibu," alisema. Ndani ya nyumba wanawake walianza kulia. Ng'ombe hakuwa amemaliza. "Mtoto wa Minza. Ke. Kilo tatu. Hai." Mahona akasema karibu kwa huyo naye, halafu akaketi chini, kwenye samadi, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi chini.

Mwisho wa mwezi Dirisha lilitengeneza taarifa yake lenyewe, na Mkubwa akaipokea. Makosa ya muunganisho: hakuna. Vifo vya uzazi: hakuna. Eva Kassian wa Ruponda alionekana kuwa amepata damu na kuruhusiwa akiwa na afya njema. Doreen aliisoma yote. Aliandika maelezo marefu kuhusu Minza, na kwa kuwa Mkubwa alihitaji kujua maelezo hayo ni ya kitongoji gani, jioni ile ng'ombe waliyasoma kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na jina la Doreen. Mahona alimkaribisha Doreen pia. Barua ya daktari ilijibiwa kwamba jambo hilo bado linajadiliwa.

Alhamisi Valeria alifuta vumbi la kioo, akamwita mama wa kwanza. Alikuwa msichana, mimba ya kwanza, amepauka vumbi la safari. Valeria alimwuliza jina. Akamwuliza umri na kijiji.

"Kitongoji?"

"Mwamahona."

Mkono wa Valeria ulisimama kidogo juu ya kibodi. Kwenye benchi nyuma ya msichana foleni ilikuwa ndefu, na mtoto mmoja alikuwa ameanza kulia. Akaandika. Akabonyeza. Kioo kikawa kijani.

"Limefika, dada?" aliuliza msichana.

"Limefika," alisema Valeria, akamwita anayefuata.